Walioulizwa wakakana: jibu kuhusu laini ya IRQ 16

Swali

Shikamoo fundi. Nina studio ndogo hapa Tanga, tunarekodi kaswida na vikundi vya taarabu. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha pili, nikaweka Debian, aina ya Linux, nikachomeka kadi yangu ya zamani ya sauti, ya PCI, yenye njia nane za kuingiza, ile inayoendeshwa na draiva ya snd_ice1712. Inafanya kazi vizuri saa moja, hata saa mbili, halafu ghafla kipanya kinaanza kurukaruka, kibodi inachelewa, na rekodi inakatika. Kwenye dmesg, yaani logi ya mfumo, nakuta "irq 16: nobody cared", chini yake majina usb_hcd_irq na snd_ice1712_interrupt, na mwisho "Disabling IRQ #16". Chuoni tulifundishwa kwamba vifaa viwili vikitumia IRQ moja vinagongana. Nilishauriwa niweke pci=nomsi, hali ikawa mbaya zaidi. Nikaweka irqpoll, kipanya kikatulia kidogo lakini sauti ikawa inakwaruza. Nifanyeje kadi ipate namba yake yenyewe? Au kadi imekufa?

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Nianze na la mwisho: kadi yako usiitupe, sioni dalili kwamba imekufa. Wala usihangaike kuitafutia namba ya peke yake, kwa sababu hata ukiipata, rekodi itaendelea kukatika. Kitakachopona ni kipanya tu. Waliokufundisha chuoni hawakukudanganya, ila walikufundisha mashine ya mwaka 1990. Kwenye mashine uliyonayo, vifaa viwili kugawana laini ya IRQ, yaani njia ambayo kifaa huiita prosesa, ni jambo la kawaida. Kinacholeta balaa ni kengele kulia bila mwenyewe.

Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba sita, mlango wa mbele mmoja, kengele moja. Mgeni akibonyeza, mwenye nyumba hajui amemfuata nani, kwa hiyo anapita chumba kwa chumba akiuliza, "Huyu ni wako?" Chumba cha kwanza, si wangu. Cha pili, wangu. Anatoka, anampokea mgeni, kengele inanyamaza. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inafanya vivyo hivyo. Kila draiva inapojiandikisha kwenye laini huacha kipande chake cha programu cha kuitikia. Interapti, yaani wito wa kifaa kwa prosesa, ikiingia, kerneli inaviita vipande vyote vya laini hiyo kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kinasoma rejista ya kifaa chake kisha kinarudisha jibu: IRQ_HANDLED, alikuwa wangu na nimemhudumia, au IRQ_NONE, simjui.

Je, wote wakisema hawamjui? Ikitokea mara moja moja si neno, kerneli inapuuza. Lakini interapti za PCI ni za aina ya kidole kukaa juu ya kitufe: kengele haiachi kulia mpaka aliyeibonyeza ahudumiwe. Asipopatikana wa kumhudumia, prosesa ikimaliza tu kuzunguka vyumbani inarudishwa mlangoni, tena na tena, bila kupata nafasi ya kufanya kazi nyingine. Ndiyo maana kerneli inahesabu. Katika kila interapti 100,000 za laini moja, zikizidi 99,900 zisizo na mwenyewe, inaandika "nobody cared", inataja draiva zote zilizojiandikisha hapo, kisha inaizima laini. Ni ukatili wa lazima, maana isipofanya hivyo mashine nzima inaganda.

Hapa ndipo watu wengi wanaisoma logi kinyume. Yale majina uliyoyaona si orodha ya watuhumiwa, ni orodha ya walioulizwa wakakana. Mkosaji anaweza kuwa mmoja wao aliyekana kimakosa. Anaweza kuwa kifaa ambacho draiva yake haijapakiwa kabisa, kwa hiyo hakuulizwa. Na anaweza kuwa waya wa kengele wenyewe, ambao umeng'ang'ania kulia wakati mlangoni hamna mtu. Kwa maelezo yako, mimi dau langu naliweka kwa huyo wa tatu, na nitakuonyesha jinsi ya kuhakiki badala ya kuniamini.

Kwanza kipanya, kwa sababu kurukaruka kwake kunathibitisha kwamba tumeisoma logi sawasawa. Laini ikishazimwa, kerneli haiwatelekezi wapangaji wote. Inaweka saa ya kuzunguka: kila baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde inapita kwa wale waliokuwa kwenye laini iliyozimwa na kuwauliza kama wana mgeni. Mara kumi kwa sekunde. Kipanya kinachopokelewa mara kumi kwa sekunde kinaonekana hivyo hivyo unavyokiona, kinaruka hatua kwa hatua kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kibodi inachelewa kwa sababu hiyo hiyo. Kadi ya sauti ndiyo inayoumia kuliko wote: inaomba bafa yake ihudumiwe kila baada ya milisekunde chache, na milisekunde 100 za kungoja kwake ni msiba. Kwa hiyo USB yako haina ugonjwa wowote. Imeponzwa na jirani.

Sasa nikurudishe kidogo kwenye yale ya chuoni, ili uone yalikuwa na ukweli gani. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya Intel 8259A yenye njia nane za kuitia. PC/AT ya mwaka 1984 ikaongeza ya pili, ikaiunganisha kupitia njia namba 2 ya ile ya kwanza, zikabaki njia 15 za kutumika. Kadi za ISA, aina ya sloti iliyotangulia PCI, za wakati ule zilipiga hodi moja na kunyamaza: interapti ilihesabiwa pale tu laini ilipopanda. Kadi mbili zikipiga hodi kwa pamoja, kinasikika kishindo kimoja. Mwenye nyumba anampokea mmoja na wa pili anasimama nje mpaka kesho. Hapo ndipo tulipogongana kweli. Nakumbuka modemu iliyowekwa COM3 na kipanya kikiwa COM1, vyote IRQ 4: ukisogeza kipanya, simu inakatika. Tulikuwa tunafungua kasha na kuhamisha vijumpa kwa kibano, karatasi ya namba mkononi: 5 kadi ya sauti, 7 printa, 14 diski. Aliyekufundisha bila shaka amepitia hayo.

PCI ilipokuja mwaka 1992 ikabadilisha kanuni: laini inashikwa chini mpaka kifaa kihudumiwe. Kwa kanuni hiyo vifaa vinne vinaweza kutumia laini moja na hakuna hodi inayopotea, kwa sababu ukimhudumia wa kwanza, kidole cha wa pili bado kiko kwenye kitufe. Baadaye ikaja chipu mpya ya kupokea interapti, I/O APIC, yenye njia 24, ndiyo maana leo unaona namba kama 16 mpaka 23, ambazo 8259A haikuwa nazo. Kisha ikaja MSI, na hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote: kifaa hakibonyezi kengele tena, kinamtumia mpangaji meseji moja kwa moja. Kila kifaa kina anwani yake ya meseji, hakuna kuulizana vyumbani. Vifaa vingi vya PCI Express hufanya kazi kwa meseji hizo kwenye Linux.

Kwa maelezo hayo unaweza kuona kwa nini pci=nomsi ilikuharibia. Uliwanyang'anya simu wapangaji wote waliokuwa wakipokea meseji zao kimya kimya, diski, mtandao, pengine na kadi ya picha, ukawarudisha kwenye kengele za pamoja. Yeyote kati yao aliyeangukia kwenye laini ya 16 anaumia siku inapozimwa. Diski ikiwa mmojawapo, utaiona mashine inavyotambaa. Iondoe leo hii. Ushauri huo una mahali pake, pale meseji zenyewe zinapokuwa na kasoro kwenye ubao fulani, lakini kwako ni kumpa mgonjwa wa tumbo dawa ya macho. Na kama kuna aliyekutajia noapic, huyo anakurudisha kwenye zile njia 15 za mwaka 1984, msongamano juu ya msongamano.

Sasa ubao wako. Prosesa za kizazi cha pili zilitoka mwaka 2011, pamoja na chipseti za Intel, yaani chipu kuu za ubao, za mfululizo wa 6. Katika mfululizo huo Intel iliacha kuweka PCI ya zamani kwenye chipseti za nyumbani kama H61, H67 na P67, ikaibakiza kwenye za ofisini: B65, Q65 na Q67. Watengenezaji wa bao mama bado walitaka kuwapa wateja sloti za PCI, kwa hiyo kwenye zile za nyumbani waliongeza chipu ndogo ya daraja: upande mmoja PCI Express, upande wa pili sloti yako. Nina hakika ya asilimia kubwa kwamba kadi yako imekaa nyuma ya daraja la namna hiyo.

Na daraja hilo lina kazi moja ngumu. PCI Express haina waya wa interapti kabisa. Kadi yako ikiishika laini, daraja linatuma ujumbe kwenda juu, "ameanza kubonyeza". Kadi ikiachia, daraja linatuma ujumbe wa pili, "ameacha". Ujumbe wa kwanza ukifika na wa pili usitumwe, au daraja likajichanganya, huko juu I/O APIC itaendelea kuamini kwamba kengele inalia. Kerneli inauliza draiva ya sauti: inasoma rejista ya kadi, kadi imeshahudumiwa, jibu ni si wangu. Inauliza USB: si wangu. Wote wanasema kweli! Mara 100,000 zinafika upesi mno, laini inazimwa. Kuna madaraja ya bei nafuu ya kipindi kile yaliyojulikana sana kwa tabia hii, na yanaendana na dalili yako kuu: hukai saa mbili salama kisha ukaharibikiwa bila sababu kama kosa liko kwenye namba. Namba ni ile ile tangu ulipowasha.

Sasa uhakiki. Kabla ya kuwasha programu ya kurekodi, andika:

lspci -t
lspci

Mchoro wa kwanza ni kama mti. Itafute kadi yako. Kama inaning'inia chini ya tawi ambalo kwenye orodha ya pili limeandikwa PCI bridge, na tawi hilo lenyewe linaning'inia chini ya PCI Express port, basi dhana yangu juu ya daraja ni sahihi. Kama badala yake iko chini ya 00:1e.0, una PCI ya asili ya chipseti, na itabidi tutafute mchawi mwingine.

Kisha:

cat /proc/interrupts

Mstari wa 16 utakuonyesha hesabu kwa kila kiini cha prosesa, halafu IO-APIC, halafu majina, kitu kama ehci_hcd:usb1 na snd_ice1712. Hao ndio wapangaji wa kengele ile. Mistari yenye PCI-MSI ni ya wenye simu zao, waache walivyo. Faili la pili la kuangalia wachache wanalijua:

cat /proc/irq/16/spurious

Humo kuna count, unhandled na last_unhandled: interapti ngapi tangu hesabu ianze, ngapi hazikuwa na mwenyewe, na lini ilikuwa ya mwisho. Acha dirisha moja likisoma faili hilo kila sekunde kwa watch -n1 wakati unarekodi. Ukiona unhandled imekaa sifuri au moja kwa saa nzima kisha ikafumuka kwa kupepesa jicho, umekutana na laini iliyong'ang'ania. Ukiiona inapanda taratibu siku nzima, hiyo ni hadithi nyingine, na kwa kawaida haifiki popote, kwa sababu interapti isiyo na mwenyewe ikipishana na mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kerneli inaanza kuihesabu upya.

Balaa likishatokea, usizime mashine. Ingia kama root, andika lspci -vv, nenda kwenye kila kifaa kilichoandikwa routed to IRQ 16. Kwenye mstari wa Status mwishoni kuna INTx- au INTx+. Alama ya kujumlisha maana yake kifaa hicho, kwa kauli yake chenyewe, kinabonyeza kengele sasa hivi. Ukikuta kifaa kisicho na draiva kina INTx+, kesi imekwisha, umemkamata. Lakini tahadhari, na hapa hata mafundi wazoefu wanateleza: biti hiyo iliingia na toleo la PCI 2.3, mwaka 2002. Kadi yako ni ya muundo wa kabla ya hapo, kwa hiyo itaonyesha INTx- hata kama inabonyeza kwa mikono miwili. Kwake hiyo haimtoi hatiani. Ushahidi wake uko kwenye draiva, ambayo inasoma rejista ya kadi yenyewe na kukuta haina ombi.

Kuna jaribio moja zaidi, ambalo pia litakuokoa katikati ya rekodi. Funga programu ya kurekodi, halafu:

modprobe -r snd_ice1712
modprobe snd_ice1712

Draiva inapojiandikisha upya kwenye laini ya pamoja iliyozimwa kwa sababu ya kengele isiyo na mwenyewe, kerneli inaiwasha tena laini na kuipa nafasi nyingine. Kipanya kikirudi kuteleza vizuri papo hapo, na kazi ikaendelea saa nyingine mbili, basi kadi iko salama, draiva iko salama, na USB iko salama. Kilichokwama kilikuwa njiani. Kifaa kilichoharibika kweli kingeizima laini tena kabla hujainuka kitini.

Tiba sasa. Ya leo usiku, isiyogharimu hata shilingi: hamisha kibodi na kipanya. Bao za mfululizo ule huwa na vidhibiti viwili vya USB 2.0, 00:1a.0 na 00:1d.0, na kwa kawaida cha kwanza ndicho kilichoko 16 na cha pili kiko 23. Jaribu matundu ya mbele na ya nyuma huku ukiangalia lsusb -t mpaka ujue lipi ni la nani. Kama ubao una matundu ya bluu ya USB 3.0, hayo ni bora zaidi, maana kidhibiti chake mara nyingi kinatumia MSI na hakiko kwenye kengele ya mtu. Hilo haliponyi rekodi, linakutoa tu kwenye adha ya kushindwa hata kubonyeza "hifadhi" wakati mambo yameharibika.

Kuhamisha kadi sloti, ule ushauri wa wazee, una matokeo ya aina hiyo hiyo. Nyuma ya daraja, pini ya kadi inazungushwa kulingana na nafasi ya sloti: unajumlisha namba ya kifaa na namba ya pini, unagawa kwa nne, kinachobaki ndicho kinachoamua laini. Kwa hiyo sloti ya jirani itakutoa 16 na kukupeleka pengine 17, 18 au 19. Kadi itapata laini yake, kama ulivyotaka. Daraja likikwama, itazimwa laini hiyo mpya, kipanya kitacheza vizuri kabisa na sauti itakatika peke yake. Nadhani sasa unaona kwa nini nilikwambia usihangaike nayo.

Irqpoll uliyoijaribu inamwamrisha mwenye nyumba, kila kengele isiyo na mwenyewe ikilia, aulize nyumba nzima, si wapangaji wa kengele ile tu, na juu ya hapo azunguke kila saa ya kerneli inapopiga. Iliwekwa kwa ajili ya mashine ambazo programu yake ya msingi imeziunganisha laini vibaya, ili angalau ziwake. Haikuwekwa kwa ajili ya studio. Ile mizunguko inakula muda ambao sauti inauhitaji, ndiyo mikwaruzo uliyoisikia. Iko nduguye mpole, irqfixup, anayeuliza nyumba nzima pale tu interapti inapokosa mwenyewe. Kwako naye hatakufaa, kwa sababu hakuna mpangaji mwingine aliyefichwa. Na wale wa sauti watakaokwambia uweke threadirqs, ni kitu kizuri kwa kupunguza uchelewaji, lakini hakigusi daraja.

Sasisho la BIOS? Kama lipo la ubao wako, liweke, dakika kumi tu. Kuzima bandari ya siriali na printa kwenye BIOS, kama kuna aliyekushauri, hakuna faida hapa: hizo ziko 4, 3 na 7, mtaa mwingine kabisa.

Kwa wengine mnaosoma ambao mna ujumbe huu huu lakini hamna kadi ya PCI ya zamani, angalieni saa. Ukitokea sekunde chache tu baada ya kuwasha, kabla hata ya kuingia kwenye mfumo, mara nyingi ni kifaa ambacho BIOS ilikiacha kimeruhusiwa kubonyeza kengele na draiva yake haijafika. Ukitokea papo hapo draiva fulani inapopakiwa, shukuni draiva hiyo, hasa kama ni ya nje ya kerneli. Ukitokea kila unapoamsha mashine kutoka usingizini, kifaa kimeamka kabla ya draiva yake. Na ukianza baada ya kusasisha kerneli, rudini kwenye kerneli ya zamani kwanza kabla ya kununua chochote. Ikitulia, kosa limepatikana na wenye draiva wanataka kulisikia.

Mgongano wa kweli, ule wa chuoni, bado upo, ila una sura yake. Logi inasema "Flags mismatch irq", ikifuatwa na namba na majina mawili, na draiva ya pili inagoma kuwaka kwa kosa la -16, ambalo kwa lugha ya kerneli ni EBUSY. Hapo draiva moja imejiandikisha bila kuruhusu kugawana, yaani bila IRQF_SHARED, au mbili zimedai laini ifanye kazi kwa namna mbili tofauti, moja ya kishindo na moja ya kushikilia. Utaukuta kwenye kadi za siriali za ISA katika mashine za viwandani, na kwenye vibao vidogo ambako mtu ameunganisha vitambuzi viwili kwenye pini moja. Huo hausubiri saa mbili. Unatokea draiva inapopakiwa, na unakataa waziwazi.

Turudi Tanga. Tiba ya kudumu kwako ni mbili, na zote zinaliacha daraja. Moja ni kifaa cha sauti cha USB chenye njia nane, ambacho ni ghali, na kwa studio yenye kadi nzima mkononi naona ni mapema. Ya pili ndiyo ningeifanya mimi: uza huo ubao, tafuta kompyuta ya mezani ya ofisini ya mtumba ya kizazi hicho hicho yenye chipseti ya B65, Q65 au Q67. Prosesa yako na RAM vinaweza kuhamia humo kama soketi ni LGA 1155, na kadi yako itakaa kwenye PCI ya chipseti yenyewe. Kasha liwe la ukubwa wa kutosha, maana yale mafupi ya mezani hayapokei kadi ya urefu wa kawaida.

Kabla hujalipa, nenda na flashi yenye Debian ya kuwashia bila kuisakinisha. Mwombe muuzaji akuwashie, fungua dirisha la amri, andika lspci. Unatafuta mstari unaoanza na 00:1e.0 ulioandikwa 82801 PCI Bridge. Ukiuona, chomeka kadi yako hapo hapo dukani, andika lspci -t, uhakikishe imening'inia chini ya huo na si chini ya tawi jingine. Kwa muuzaji utaonekana msumbufu. Mwambie ni mimi niliyekutuma.